Bima ya afya kwa kilo za taka: hesabu yake ikoje?

Juni 2005, mwokota taka mmoja wa Jakarta, Indonesia, alifiwa na binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa ameharisha na kutapika kwa siku kadhaa. Baba alimpeleka mara moja tu kwenye kituo cha afya cha serikali, lakini hakuweza kumrudisha. Kipato chake kilikuwa kama rupia 10,000 kwa siku, na siku asipookota, nyumbani hakupikwi. Mtoto alikata roho juu ya mkokoteni wa baba yake. Fedha ya kukodi gari la kubebea maiti haikuwepo, basi baba akamfunika kwa kitambaa, akambeba kama anayembeba mtoto aliyelala, akaenda kupanda treni kuelekea Bogor akitumaini kupata watu wa kumsaidia kuzika. Kabla hajasafiri ikagundulika kuwa mtoto aliyembeba amekufa, na polisi wakaitwa.

Habari hiyo ilitikisa Indonesia. Miongoni mwa walioibeba moyoni ni Gamal Albinsaid, ambaye baadaye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Brawijaya, mjini Malang, Java Mashariki. Mwaka 2010 yeye na wenzake wa shirika la Indonesia Medika walianzisha mpango uliokuja kujulikana duniani kote: mwanachama analeta taka zenye thamani ya rupia 10,000 kwa mwezi, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola moja ya Marekani, na kwa taka hizo anapata haki ya kutibiwa kliniki. Mwanzoni mwa 2014 Gamal alipewa London tuzo ya wajasiriamali vijana yenye jina la Prince Charles, ambaye sasa ni mfalme wa Uingereza. Tangu hapo wazo lake limesafiri. Nigeria, kwa mfano, ipo Soso Care, inayopokea taka za kurejelezwa kama mchango wa bima ya afya.

Wazo linavutia, na mimi ni mmoja wa waliovutiwa. Lakini mara nyingi linasimuliwa nusu nusu: mama analeta chupa, mtoto anatibiwa, taka zimeisha mtaani. Katikati ya chupa na dawa pana mambo mengi, na kama unaishi Vingunguti, Kawangware au Katwe na kesho akaja mtu kukuambia ulete taka upewe bima, ni vizuri uyajue.

Tuanze na bima yenyewe. Bima ni kuchangiana kabla ya shida. Watu mia wanaweka kidogo kidogo, kumi wanaugua, fedha ya mia inawatibu kumi. Inafanana na mfuko wa kuzikana unaoendeshwa mtaani, ila huu ni wa kuzuia tusifike kwenye kuzikana. Ugumu wa bima kwa mtu wa kipato cha chini uko sehemu mbili. Wa kwanza unaonekana: fedha ni ndogo. Wa pili hauzungumzwi sana, nao ndio uliowashinda wengi: fedha haiji kwa mpangilio ambao bima inautaka.

Chukua Kenya. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Shilingi 300 si nyingi. Lakini mtu asiye na mshahara alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani kuanzia shilingi 3,600. Mama anayeuza mboga anashika shilingi 3,600 mara nyingi tu kwa mwaka. Tatizo ni kwamba kila anapoishika ina mwenyewe tayari: kodi ya nyumba, karo, deni la dukani. Tanzania nayo, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilitoza katika mikoa mingi shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ukizigawa kwa siku 365 hazifiki shilingi 85 kwa siku. Bado kaya nyingi hazikujiunga, na waliojiunga wengi hawakurudi mwaka wa pili.

Taka zinaingia hapo. Taka hazina mwenyewe. Hakuna mwenye nyumba anayekuja kudai maboksi, wala mtoto hafukuzwi shule kwa kukosa makopo. Na zinapatikana kila wiki, uwe mzima au mgonjwa, biashara iwe imechanganya au imelala. Ukimwambia mtu alete kilo mbili kila Jumamosi, unamwomba kitu ambacho hakigombaniwi na sufuria. Huo ndio werevu wa mpango wa Malang. Taka zile hazikuzalisha utajiri mpya. Zilitengeneza njia ya kuchangia kidogo kidogo kutoka kwenye kitu ambacho familia ilikuwa tayari imekitupa.

Njia hiyo ilikuwa na ndugu zake. Curitiba, Brazil, tangu 1991 mpango wa Câmbio Verde umekuwa ukibadilisha kilo nne za taka za kurejelezwa kwa kilo moja ya matunda na mboga. Indonesia kwenyewe, mwaka 2008, Bambang Suwerda alianzisha benki ya taka huko Bantul, Yogyakarta: unaleta taka zilizochambuliwa, zinapimwa, thamani yake inaandikwa kwenye kitabu chako kama akiba. Benki za namna hiyo zikaenea nchini humo. Baadaye jiji la Surabaya likaanza kuruhusu nauli ya basi la jiji ilipwe kwa chupa za plastiki, mwaka 2018. Kwa hiyo mwaka 2010 Gamal alipowaambia watu wa Malang walete taka, alikuwa anazungumza lugha ambayo Waindonesia walikuwa wameanza kuizoea.

Sasa tuingie kwenye mizani, maana huko ndiko mambo yanapokuwa magumu.

Ukifika kwenye kibanda cha mnunuzi wa chupa katika mtaa wowote wa uswahilini, utaona mzani wa kuning'iniza umefungwa kwenye boriti au tawi la mti, na chini yake viroba. Mnunuzi hapimi kiroba kabla ya kukifungua. Anakimwaga chini, anapekua kwa mguu, kisha anaokota chupa moja moja na kuitikisa, kwa sababu wapo wanaoacha maji au mchanga ndani ili kilo ipande. Chupa za maji na soda anaziweka upande mmoja. Madumu, ndoo zilizopasuka na makopo ya mafuta ya kujipaka, yale ya plastiki ngumu, upande wa pili. Vifuniko peke yake. Chupa iliyokuwa na mafuta ya kula anaitupa pembeni: hiyo hainunuliki, au inanunuliwa kwa bei ya kutupa. Glasi hataki hata kuziona. Mifuko laini, pakiti za biskuti na vifuko vya sabuni ya unga, ambavyo ndivyo vinavyoziba mitaro yetu, havina mnunuzi kabisa.

Chupa ya maji ya nusu lita, ikiwa tupu, ina uzito wa gramu kumi na kitu. Tuseme 15. Kilo moja basi ni chupa kama 67. Tuseme tena, kwa mfano tu, kilo inanunuliwa shilingi 400 za Tanzania. Ili kufikisha shilingi 30,000 za bima ya kaya kwa mwaka, unahitaji kilo 75, ambazo ni chupa zinazokaribia 5,000. Gawa kwa wiki 52: chupa 97 kila wiki.

Sasa jiulize: ni kaya gani ya kipato cha chini inayokunywa chupa 97 za maji kwa wiki? Haipo. Watu hao wanakunywa maji ya ndoo. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea: maganda ya ndizi na viazi, maganda ya machungwa, magunzi, majani. Maskini ana taka, lakini taka zenye bei ziko kwa mwenye nafasi. Chupa zinatoka hotelini, kwenye kumbi za harusi, maofisini na barabarani.

Kwa hiyo mpango ukikubali chupa za plastiki tu, mwanachama atakuwa na njia mbili. Atatumia muda wake kwenda kuokota mitaani, au ataacha kuchangia. Ndiyo sababu mpango wenye nia njema hupokea vitu vingi: karatasi, maboksi, makopo ya bati, chuma chakavu, nyaya, na pia taka zinazooza. Malang walifanya hivyo. Zile zinazooza ziligeuzwa mboji, nyingine zikauzwa kwa wanunuzi wakubwa, na fedha ikaingia kwenye mfuko wa kliniki. Mboji haina bei kubwa kwa kilo, lakini inamruhusu mama wa ndoo moja ya maganda kuwa mwanachama bila kuzunguka mabaa usiku kutafuta chupa.

Kisha kuna bei. Mchango wa bima unapaswa kujulikana mapema, maana hospitali haitapunguza gharama zake kwa kuwa plastiki imeshuka. Lakini bei ya taka hupangwa mbali sana na mtaa wako. Plastiki mpya hutengenezwa kutokana na mafuta ghafi na gesi. Mafuta yakishuka, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2014 na tena 2020, plastiki mpya huwa rahisi, na viwanda haviwi na haraka ya kununua iliyotumika. Januari 2018 China ilifunga mlango kwa aina nyingi za plastiki chakavu kutoka nje, na bei zikayumba duniani kote. Rudi kwenye mfano wetu: kilo ikishuka kutoka shilingi 400 hadi 250, kaya ileile sasa inahitaji kilo 120, yaani chupa 8,000 kwa mwaka, zaidi ya 150 kwa wiki. Mtoto hajaongezeka, homa haijaongezeka, ila mchango umepanda kwa zaidi ya nusu kwa sababu ya soko ambalo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuliona.

Nani abebe mshtuko huo? Swali hili ndilo ningeliuliza kwanza kabla ya kujiandikisha. Mpango wenye uadilifu huweka bei moja kwa wanachama kwa mwaka mzima na kutenga akiba miezi ya neema ili ifidie miezi ya ukame. Ukiona bei inabadilika kila wiki na mwanachama ndiye anayeambiwa aongeze kilo, ujue unauza chuma chakavu kwa mtu aliyekuahidi dawa.

Tuupime na mfuko wenyewe. Chukua kaya 500 za watu watano watano, kila moja ikileta taka za shilingi 2,500 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 1,250,000. Ondoa mafuta ya pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea, kodi ya stoo, posho ya mpimaji na mtunza hesabu. Tukiwa waangalifu, tunabaki na shilingi 900,000. Ikiwa mgonjwa mmoja, pamoja na kumwona daktari, kipimo na dawa, anagharimu shilingi 9,000, mfuko unaweza kuhudumia wagonjwa 100 kwa mwezi kati ya watu 2,500. Ni mtu mmoja kati ya 25. Kipindi cha mvua, malaria na kuhara vinapochachamaa, watoto wa chini ya miaka mitano peke yao watamaliza idadi hiyo. Na mama mmoja akihitaji upasuaji wa kujifungua wa shilingi 450,000, nusu ya mfuko wa mwezi imekwenda.

Hesabu hiyo isikukatishe tamaa. Inakuonyesha tu taka zinaweza kununua nini. Zinaweza kununua huduma ya msingi: kumwona daktari mapema, kupima shinikizo la damu, dawa za kawaida, ushauri wa lishe, kumtembelea mgonjwa wa kisukari nyumbani. Malang ulikuwa mpango wa kliniki, na sehemu ya fedha ilielekezwa kwenye kuzuia magonjwa, si kungoja watu waugue, huku watu wa kujitolea wakipunguza gharama za uendeshaji. Mtoto wa Jakarta alihitaji nini hasa? Maji ya chumvi na sukari, vidonge vya zinki, labda dripu, na mlango wa kliniki ambao baba yake angeweza kuugonga mara ya pili na ya tatu bila kuulizwa fedha. Rupia 10,000 kwa mwezi zingefungua mlango huo. Ni kipato chake cha siku moja.

Ila taka haziwezi kununua kitanda cha wagonjwa mahututi, wala mionzi ya saratani, wala kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Hayo yanahitaji mfuko wa mamilioni ya watu, wenye tajiri na maskini ndani yake. Indonesia walilijua hilo: tarehe 1 Januari 2014, mwezi uleule ambao habari za Malang zilivuma duniani, serikali ilianzisha bima ya taifa ya JKN chini ya shirika la BPJS Kesehatan, na watu waliotambuliwa kuwa maskini wakaanza kulipiwa mchango na serikali. Mpango wa taka unafaa kuwa ngazi ya kupandia kwenye bima ya taifa. Ukigeuzwa kisingizio cha serikali kujivua mzigo, unawadhulumu watu walewale uliosema unawasaidia.

Kuna kosa jingine la kiufundi linaloua mifuko midogo. Watu hujiunga wakishaugua. Mama anajiunga mwezi wa nane wa ujauzito, analeta viroba vitatu kwa mpigo, anajifungua, haonekani tena. Simlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini wote tukifanya hivyo mfuko unakauka. Dawa yake ni kipindi cha kusubiri, mwezi au miwili baada ya kujiunga, na kusajili kaya nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Hapa pia taka zina faida juu ya fedha taslimu: mtu aliyezoea kuchambua na kupeleka kila Jumamosi ana mazoea, na mazoea ndiyo yanayobakiza wanachama wazima ndani ya mfuko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kilo ya plastiki ina thamani mbili. Ya kwanza ni bei ya mnunuzi, zile shilingi 400. Ya pili haiandikwi popote: ni safari ya lori kwenda jalala la Pugu, Dar es Salaam, au la Dandora, Nairobi, ambayo halmashauri haikuilipia, mtaro ambao haukuziba, nyumba ambayo haikuingiwa na maji machafu, kipindupindu ambacho hakikuanza. Mzani unapima ya kwanza tu. Mama akileta mfuko wa pakiti za biskuti, mnunuzi anasema hauna bei, ilhali huo mfuko ndio ungeziba mtaro mwezi wa nne. Jiji limepata faida, yeye hakupata kitu.

Bima ya taka inayotegemea bei ya mnunuzi peke yake itakuwa nyembamba siku zote, kwa sababu imejengwa juu ya nusu ndogo ya thamani. Nusu kubwa inabaki kwa halmashauri, na ni haki irudi. Kila mwanachama akifikisha shilingi 2,500 kwa taka zake, halmashauri iongeze kiasi kutoka fungu ambalo lingelipa malori. Na kampuni zinazojaza mitaa yetu chupa ziongeze pia, maana faida ya kinywaji waliichukua wao na chupa wakatuachia sisi.

Halafu kuna watu ambao tayari wanaishi kwa chupa hizo. Kabla mpango wowote haujafika mtaani, wapo wanaoamka saa kumi alfajiri na viroba mgongoni, wanaoitwa majina mabaya, ambao kazi yao ndiyo inayotupunguzia jalala. Chupa 97 za kila kaya zitatoka wapi, kama si kwenye njia zao? Ukiwafundisha watu wote wa mtaa kuhifadhi chupa kwa ajili ya bima na ukamsahau mwokotaji, umemnyang'anya chakula cha leo ili kumpa jirani yake dawa ya kesho. Baba wa Jakarta alikuwa mwokotaji. Taka zilimzunguka maisha yake yote, na hazikumtosha kumrudisha mtoto kliniki mara ya pili.

Pune, India, walilitazama jambo hili kutoka upande wa pili. Waokotaji wa jiji hilo, wengi wao wanawake wa tabaka lililodharauliwa, waliunda chama chao, KKPKP, mwaka 1993. Miaka mitatu baadaye halmashauri ya jiji ikakubali kuidhinisha vitambulisho vyao, wakawa wafanyakazi wanaotambulika na si watu wa kufukuzwa na mgambo. Chama kikaonyesha kwa hesabu kiasi ambacho kazi yao inaliokolea jiji katika kubeba na kutupa taka. Mwaka wa fedha 2002–03 halmashauri ya Pune ikaanza kuwalipia waokotaji waliosajiliwa mchango wa bima ya matibabu, kutoka mfuko wa jiji. Hawakutakiwa kuleta kilo hata moja kwa ajili ya bima hiyo. Chupa na karatasi zao waliendelea kuziuza wenyewe, na fedha ya mzani ikabaki kuwa ya unga na kodi ya nyumba.